Mtungi Uko Ziarani

Nchi yenyewe haipo kwenye ramani, msihangaike kuitafuta. Ramani ilipelekwa wizarani kukaguliwa, wakubwa wakaona mpaka wa mashariki una kona nyingi zisizo na adabu, ikabaki hukohuko. Lakini watu wapo, na redio ipo. Redio ni moja tu, inaitwa Sauti ya Shukrani, na inasikika kila mahali, hata usipotaka, maana vipaza sauti vimefungwa sokoni, stendi, na juu ya mlango wa choo cha halmashauri.

Katika mji mmoja wa nchi hiyo, uitwao Mwisho wa Lami, alikuwepo mfua bati jina lake Kapela. Alitengeneza ndoo, makarai, koroboi na mabirika ya kumwagilia bustani. Shule aliishia darasa la tatu, kwa hiyo mambo ya siasa aliwaachia wenye viatu. Mkewe aliitwa Nyamizi. Ndiye aliyemfundisha kuandika jina lake, ukubwani, kwa kumchorea herufi kwenye majivu ya jikoni. Walikaa pamoja miaka thelathini na mmoja. Hawakujaliwa mtoto, walijaliwa kuzoeana.

Nyamizi alikuwa na pumu. Jumatatu asubuhi ikambana, Kapela akampakia kwenye mkokoteni wake wa bati na kumsukuma hadi hospitali ya wilaya. Nesi akamtazama mgonjwa, kisha akatazama pembeni ya kitanda, sakafuni, palipokuwa na alama ya duara, safi, isiyo na vumbi.

"Anahitaji oksijeni, baba."

"Basi mpeni."

"Mtungi uko ziarani."

Kapela akadhani hajasikia vizuri. Nesi akamweleza kwa upole, maana asubuhi hiyo alikuwa ameshawaeleza wengine wanne. Mkoa mzima ulikuwa na mtungi mmoja wa oksijeni, na uchaguzi ulikuwa umebakiza wiki tatu. Waziri alikuwa anauzindua mtungi huo katika kila hospitali. Ukishazinduliwa hapa, unapakiwa kwenye gari, unakwenda kuzinduliwa kule. Ulikuwa umezinduliwa mara sita, na Sauti ya Shukrani ilikuwa imeshatangaza mitungi sita.

"Utarudi lini?"

"Alhamisi. Unakuja kuzinduliwa hapa."

"Si ulikuwa hapahapa?"

"Ulikuwepo, baba. Lakini ulikuwa haujazinduliwa."

Nyamizi hakufika Alhamisi. Hakufika hata saa sita mchana. Alimshika mumewe kidole, akakibana kama mtu anayejaribu kufungua kizibo, halafu akakiachia.

*

Sasa, kwenye ukoo wa Nyamizi kuna jambo moja. Mwanamke akifia kwa mume, jeneza halifunikwi mpaka kaka zake wa kuzaliwa wamemwona uso. Wanakuja, wanainama, wanamtazama, halafu mmoja anasema, "Ndiye." Neno hilo moja tu. Likishasemwa, kifuniko kinawekwa, na marehemu anahesabika amerudi kwao. Lisiposemwa, anahesabika amepotelea njiani, na jina lake haliitwi tena pale nyumbani wanapoitwa marehemu wengine.

Kaka zake walikuwa wawili, Shilogela na Ndalahwa, nao walikaa Kalimbwe, mwendo wa siku nzima kwa basi. Simu zilikuwa hazipatikani: mtandao ulizimwa nchi nzima ili wananchi wapumzike kuelekea uchaguzi. Basi la Kalimbwe lilichukuliwa kubeba washangiliaji. Na jokofu la chumba cha maiti halikuwa na umeme, kwa sababu umeme nao ulikuwa kwenye jukwaa la Waziri.

"Mzee, nakupa mpaka Alhamisi," mhudumu wa chumba cha maiti akamwambia. "Baada ya hapo mimi sijui, na wewe hutapenda kujua."

Ikabaki redio. Kila siku saa saba mchana Sauti ya Shukrani husoma matangazo ya vifo. Fulani wa mahali fulani anasikitika kutangaza kifo cha fulani, habari ziwafikie fulani na fulani popote walipo. Nchi nzima huacha kijiko hewani ikasikiliza. Nyamizi alikuwa hakosi hata siku moja. Aliwalilia watu asiowajua, kisha akaendelea kuchambua mchele.

Jumanne asubuhi Kapela akaenda redioni, kofia mkononi. Akapokewa na mhariri wa zamu, Fulgensi, mtu wa makamo aliyevaa tai yenye picha ya Mheshimiwa Mlezi wa Taifa, kiasi kwamba kila akimeza mate Mheshimiwa alikuwa anaitikia kwa kichwa.

"Pole sana, mzee wangu. Jaza fomu hii."

Kapela akaisoma polepole, kidole juu ya karatasi. Palipoandikwa "Sababu ya kifo" palikuwa na visanduku vitatu vya kuchagua: Uzee. Mapenzi ya Mungu. Furaha iliyopitiliza.

"Ya kwangu haipo hapa," akasema.

"Weka Mapenzi ya Mungu. Wengi wanaweka hapo."

"Mungu hakuchukua mtungi."

Fulgensi akainuka, akafunga dirisha, akarudi kukaa. "Mzee wangu, ukitaja mtungi, hili siyo tangazo la kifo tena. Hili ni tamko."

"Mimi tamko silijui. Nataka shemeji zangu waje wamwone dada yao."

"Basi weka alama kwa Mungu, iende kwenye Kamati ya Kuhakiki Vifo. Siku tisa."

"Siku tisa! Mke wangu ana mpaka Alhamisi!"

Fulgensi akashusha sauti. "Baba yangu mzazi alikufa mwaka juzi, mwezi wa nne. Mimi nafanya kazi humuhumu ndani, naijua kamati kwa majina. Bado yuko kwenye foleni."

Akameza mate. Kwenye tai, Mheshimiwa akaitikia.

"Ila kuna njia moja," Fulgensi akasema. "Upinzani hutangazwa siku hiyohiyo."

Ikabidi aeleze. Marafiki wa nchi za nje, wale wenye kuleta misaada, walidai uwiano kwenye habari, ikatungwa sheria: kila taarifa ya habari iwe na dakika mbili za upinzani. Shida ikawa upinzani wenyewe umekwisha. Mwenyekiti wa Chama cha Pili alikuwa gerezani kwa kosa la kupanda jukwaa, katibu alikuwa uhamishoni, na mwenezi alihamia Chama cha Kwanza akapewa bodi ya korosho. Kwa wiki mbili redio ilikuwa inarudia upinzani wa zamani uliorekodiwa, na wasikilizaji walianza kukitambua kikohozi cha msemaji kwenye kanda.

"Ukisaini kama mpinzani, unasomwa leo saa saba. Na saa kumi. Na saa kumi na mbili jioni. Mara tatu, mzee wangu, nchi nzima."

"Mpaka Kalimbwe?"

"Hasa Kalimbwe."

"Na jina la mke wangu litatajwa?"

Fulgensi akatazama mezani. "Mimi nitaandika kila unachosema. Kitakachobaki kikitoka juu, hicho siyo changu."

Mtu mwenye shule angeondoka hapo. Kapela akashika kalamu akaandika jina lake, herufi moja moja, kama alivyofundishwa kwenye majivu.

*

Saa saba mchana watu walikuwa wamejaa nyumbani kwake. Turubai limefungwa, wanaume kwenye mabenchi, wanawake kwenye mikeka, uji unatokota kwenye sufuria kubwa ya Mama Tabu, jirani yao wa mlango wa pili. Kapela akaongeza sauti ya redio.

Kwanza ikasikika chupa ikipasuka, kisha mbwa wakibweka. Huo ndio mlio wa habari za upinzani kwenye Sauti ya Shukrani; watoto wadogo wakiusikia hukimbilia ndani wenyewe.

"Kikundi cha upinzani nchini kimepata kiongozi mpya, anayejiita Kapela, mfua bati asiye na elimu, ambaye leo ametoa vitisho vikali dhidi ya mtungi wa taifa. Bila kuonyesha ushahidi, Kapela amedai kwamba mtu mmoja amefariki. Tunaye studioni Profesa wa Masuala ya Utulivu. Profesa, mtu akisema amefiwa, wananchi wamwelewe vipi?"

"Asante sana, mtangazaji. Kitaalamu, kufiwa ni mbinu ya zamani. Anayefiwa hukusanya watu nyumbani bila kibali, hupikiwa, huonewa huruma. Sasa wasikilizaji wajiulize, hayo siyo malengo ya upinzani duniani kote?"

"Je, aliyefariki yupo?"

"Hilo ndilo swali. Kama amefariki, hayupo. Na kama hayupo, tunamzungumzia nani?"

Chupa ikapasuka tena. Likaanza tangazo la sabuni.

Kapela alikuwa bado ameinamia redio, anasubiri jina. Alipoinua kichwa, mabenchi yalikuwa yamepungua. Wanakwaya wakakumbuka kwamba leo wana mazoezi. Wenye turubai wakakumbuka kwamba turubai lina shughuli nyingine. Walilifungua kwa heshima, lazima isemwe, upande wa jua wakauacha mwisho.

Mama Tabu akaja na vitambaa viwili vya kushikia sufuria.

"Shemeji, nimekuja kuchukua sufuria yangu."

"Ina uji wa waombolezaji."

"Uji nauona. Waombolezaji ndio siwaoni." Akainama, akainuka bila kuishika. "Usinitazame hivyo, shemeji. Jana nimemwosha Nyamizi kwa mikono yangu hii. Nimemfumba macho mimi. Nguo aliyovaa ni kitenge changu. Lakini mwanangu mkubwa anasubiri ajira ya ualimu, na majina yako mezani kwa mtu."

"Chukua, Mama Tabu."

"Na wewe nawe! Ungeweka Mapenzi ya Mungu kama wenzako, ungepungukiwa nini?"

Akaondoka na sufuria, uji ukichuruzika njia nzima mpaka mlangoni kwake.

*

Jumatano asubuhi Kapela akarudi redioni. Alitaka kukanusha.

"Kukanusha?" Fulgensi akasema, akachukua kalamu. "Vizuri. Wapinzani hukanusha. Hiyo naiingiza saa saba."

"Mimi siyo mpinzani. Nimefiwa tu."

"Naandika."

Akaingia mpiga picha. Sauti ya Shukrani ilikuwa na gazeti pia, la kurasa nne, tatu za Mheshimiwa. Mpiga picha akalala chali sakafuni, kwa sababu upinzani hupigwa picha kutokea chini, matundu ya pua yaonekane.

"Fungua mdomo, mzee. Zaidi. Kama unataka kumtafuna mtu."

Kapela akafungua mdomo, na kwa kuwa tangu Jumatatu alikuwa hajaufungua kwa lolote la maana, kilichotoka ni kilio. Akalia kama mtoto, mabega yakimruka. Mpiga picha akabonyeza mara tisa. Picha ikatoka gazetini mchana uleule, chini yake pameandikwa: KAPELA ACHEKA TAIFA LIKIWA KAZINI.

"Mwanangu," Kapela akamwambia Fulgensi alipotulia, "futa mtungi. Futa hospitali. Hata kifo chenyewe futa. Andika hivi tu: habari ziwafikie Shilogela na Ndalahwa wa Kalimbwe. Kaka wawili. Basi."

"Habari haziwezi kuwafikia watu wawili bila sababu, mzee wangu. Juu watauliza ni habari gani hizo."

"Wataje tu wajue wanahitajika."

Fulgensi akakuna kidevu. "Naweza kuwaingiza. Lakini siyo pale unapotaka."

"Waingize popote."

Alisema mwenyewe. Popote.

Saa saba chupa ikapasuka, mbwa wakabweka. "Mpasuko mkubwa umeibuka ndani ya upinzani. Kiongozi wao wa jana, Kapela, leo amepingwa vikali na Kapela. Wakati huohuo, imebainika kwamba kundi hilo lina mtandao wa siri hadi Kalimbwe, unaoongozwa na ndugu wawili, Shilogela na Ndalahwa, ambao wanatakiwa kufika Mwisho wa Lami mara moja."

Kapela alikuwa peke yake chini ya mti wa ua, palipokuwa na turubai. Aliposikia "kufika mara moja" akasimama. Wamesikia! Akafagia uwanja. Akachemsha maji ya kuoga wageni. Akachukua kipande cha bati jipya, akakinyoosha vizuri, akaanza kutoboa jina la mkewe kwa msumari, nukta kwa nukta, kibao cha kuweka kaburini. Herufi zilimchukua mchana mzima.

Saa kumi na mbili jioni redio ikaleta sauti anayoijua. Ilikuwa ya shemeji yake mkubwa, imekauka, nyuma yake kuna mtu anakohoa kikohozi cha ofisini.

"Mimi Shilogela, pamoja na mdogo wangu Ndalahwa, tukiwa na akili timamu na bila kushurutishwa, tunawafahamisha wananchi kwamba hatumfahamu Kapela, hatujawahi kula kwake, na hatujawahi kuwa na dada anayeitwa Nyamizi."

Karatasi ikakunjwa. Halafu sauti ileile ikaongeza, taratibu, kama mtu anayesema bila kusomea:

"Nyamizi binti Mhoja. Kitinda mimba wa mama yetu. Aliyekuwa na pumu, tukimbeba kwa zamu mgongoni kwenda kisimani. Huyo. Huyo hatujawahi kuwa naye."

Redio ikakatwa, ukaingia wimbo wa shukrani.

Hivyo ndivyo jina la Nyamizi lilivyosomwa redioni, kwa ukamilifu, pamoja na la baba yake. Kapela akaegemea mti. Maji ya wageni yakaendelea kuchemka mpaka yakakauka.

*

Alhamisi asubuhi alikuja Afande Chubwa, mkuu wa kituo, na askari kumi na wawili.

"Wewe ndiye kiongozi wa upinzani?"

"Afande, mimi nazika."

"Kiongozi wa upinzani akikusanya watu zaidi ya watatu, huo ni mkutano wa hadhara. Una bahati, nimekuletea kibali." Akasoma. "Saa nne hadi saa nne na nusu. Hotuba moja, dakika kumi. Wahudhuriaji wasizidi wanane, kila mmoja na kitambulisho. Hicho nini?"

"Kibao, afande."

"Hilo ni bango. Limeandikwa nini?"

"Jina."

"La nani?"

"La mke wangu."

"Madai yake nini?"

"Hana madai, afande. Amekufa."

"Bango lisilo na madai linatia shaka kuliko lenye madai," Afande akasema, akalitia chini ya kwapa kama kielelezo.

Walikuwa wanane kweli: Kapela, wachimba kaburi wanne, mhudumu wa chumba cha maiti, yule nesi wa wodini, na Nyamizi, ambaye Afande alimhesabu. Jeneza likapakiwa kwenye mkokoteni wa bati, bila kifuniko. Kifuniko Kapela alikibeba kichwani. Alikuwa bado anatazama barabara ya Kalimbwe.

Walipofika njiapanda wakasikia ving'ora. Askari wakausukuma mkokoteni mtaroni, gurudumu moja ndani, moja nje, Kapela akaukinga kwa kifua jeneza lisianguke. Msafara ukapita. Pikipiki. Gari la matarumbeta. Kisha gari la wazi lililopambwa kwa bendera, na juu yake, umefungwa mkanda kama mgonjwa, umevishwa shada la maua, umesimama mtungi.

Ulikuwa wa kijani, mdogo kuliko alivyofikiri. Rangi ilikuwa imechubuka chini, duara, palepale unapokaa sakafuni.

Kapela akainua mkono. Wala hakujua anainua kwa nini, labda kuusimamisha. Mtungi ukapita. Vumbi likatua juu ya uso wa Nyamizi, Kapela akalipangusa kwa kofia, taratibu, kwenye kope na kando ya pua, kama alivyokuwa anapangusa bati jipya.

Kaburini Afande akaanza kukagua vitambulisho. Alipomaliza walio wima, akasimama juu ya jeneza.

"Na huyu? Kitambulisho."

Kapela akatoa mfukoni kadi ya kupigia kura ya mkewe. Afande akaitazama picha. Akainama, akautazama uso. Akaitazama tena picha, akainama tena, karibu zaidi, kama inavyotakiwa.

"Ndiye," akasema.

Wachimba kaburi wakatazamana. Mzee mmoja kati yao, aliyewazika watu wengi wa upande ule wa Kalimbwe, akavua kofia. Kapela akasubiri kidogo, kama labda litasemwa na mwingine. Halafu akachukua kifuniko.

"Usifunge!" mpiga picha wa Sauti ya Shukrani akapaza sauti kutoka chini, alikokuwa amelala kwenye udongo. "Hotuba kwanza. Nataka umati wote uonekane."

Kwa hiyo Kapela akasimama akahutubia umati, na mkewe akiwa mstari wa mbele, uso juu.

"Nyamizi alikuwa anapenda ukoko," akasema. "Ugali ukipakuliwa, yeye anasubiri sufuria. Mimi nikidhani ananiachia ugali kwa sababu ya upendo. Kumbe ukoko ndio aliokuwa anautaka. Miaka thelathini na mmoja, nimejua mwaka jana."

Mhudumu wa chumba cha maiti akacheka, akajifunika mdomo.

"Jumatatu aliniambia neno moja. Dirisha. Nikaenda kufungua dirisha. Lilikuwa wazi. Nikalifunga nikalifungua tena, ili asikie mlio." Nesi alikuwa anatazama viatu vyake. "Ninyi mnaotuongoza, mimi siwaombi kitu. Sikuomba uzinduliwe. Mngeuacha tu pale ulipokuwa."

"Dakika kumi," Afande akasema. Zilikuwa tatu.

*

Jioni, saa kumi na mbili, Kapela akawasha redio. Mtu atauliza kwa nini. Alikuwa amezoea kuisikiliza na mkewe, na nyumba ilikuwa kimya mno.

"Mwisho wa Lami leo imepokea mtungi wake wa oksijeni, wa saba kwa mkoa huo. Katika tukio la kusisimua, hata kiongozi wa upinzani, Kapela, alijipanga kando ya barabara pamoja na wafuasi wake na kuupungia mtungi mkono."

Chupa ikapasuka, mbwa wakabweka.

"Hata hivyo, mkutano wa upinzani uliofanyika baadaye umedoda. Waliohudhuria hawakuzidi wanane, baadhi wakiwa na majembe. Kapela alizungumzia ugali na madirisha, bila kueleza sera yoyote. Na kinyume na madai yake ya siku tatu, mkewe, Bi Nyamizi, alihudhuria mkutano huo na kutambuliwa rasmi na Jeshi la Polisi kwa kadi yake ya mpiga kura, jambo linalothibitisha kwamba habari za kifo chake hazikuwa na msingi. Lakini hata Bi Nyamizi, aliyewekwa mbele kabisa, hakushawishika. Hakupiga makofi hata mara moja, na alifumba macho mwanzo hadi mwisho wa hotuba."

Kapela akabaki na mkono kwenye kitufe.

Mlango wa uani ukagongwa. Akaingia Mama Tabu, sufuria kichwani, ina uji. Akaitua. Mlango alikuwa ameuacha wazi, na nje, chini ya kipaza sauti cha mtaa, walisimama vijana wawili wa Chama cha Kwanza ambao walikuwa hawakai mtaa ule.

"Shemeji!" Mama Tabu akasema, kwa sauti ya kusikika mpaka barabarani. "Nimesikia redioni Nyamizi yupo! Tunashukuru sana!"

Machozi yalikuwa yanamtiririka mpaka shingoni, wala hayafuti. Mikono yake ilikuwa bado inanuka karafuu aliyomwoshea.

"Basi akirudi," akaendelea kwa sauti ileile, "mwambie nilikuja. Mwambie nimemletea sufuria, na ukoko nimemwachia."

Nje vijana wakageuza shingo kusikiliza jibu.

Kapela akamtazama Mama Tabu. Akautazama uji. Akaipunguza redio kidogo, ili asikike vizuri.

"Nitamwambia," akasema.